Betri kwanza, paneli baadaye: nyumba za Bujumbura zinavyojipanga dhidi ya giza

Mngurumo wa jenereta umepungua Bujumbura, ingawa umeme haujaongezeka kiasi hicho. Kilichokosekana ni mafuta. Uhaba ulioanza kuuma mwaka 2021 ulizidi katika miaka iliyofuata, magari yakalala foleni kwenye vituo, na watu wakazoea kwenda kwa miguu kutoka Kanyosha au Kamenge hadi katikati ya mji. Katika hali hiyo mwenye jenereta uani Kigobe au Kinindo hana nafuu kubwa kuliko jirani asiye nayo. Umeme wa REGIDESO, shirika la umeme na maji, ukikatika saa moja jioni, wote wawili wanatafuta tochi.

Kwa miaka mingi umeme wa jua ulihesabiwa kuwa dawa ya vijijini, kule ambako nguzo hazijafika. Nchi nzima, ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi aliye na umeme wa gridi, na wengi wao wako Bujumbura, kwa hiyo mkazi wa mji alijiona amevuka. Mradi wa Nyakiriza, uliopewa dola milioni 100 na Benki ya Dunia mwaka 2020, ulielekezwa kwa kaya, shule na vituo vya afya vya mashambani, na ulistahili kwenda huko. Lakini siku hizi swali la jua limefika Ngagara, Nyakabiga, Gihosha na Buyenzi, katika nyumba ambazo mita ya Cash Power imefungwa ukutani na ina uniti ndani yake, ila hakuna kinachowaka.

Makala hii inawahusu hao wa mjini. Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalitetea hadi mwisho: anza na betri. Wengi huanza na paneli kwa sababu ndiyo inayoonekana juu ya bati na ndiyo jirani huiulizia bei. Kisha fedha zinazobaki hununua betri dhaifu, na baada ya miezi michache paneli nzuri inakaa juani ikizalisha umeme usio na pa kuwekwa.

Kwanza tujue tunajikinga na nini. Umeme wetu hutegemea sana maji. Mtambo wa Mugere ulianza kazi mwaka 1982. Rwegura, wenye megawati 18, ukafuata mwaka 1986 kando ya msitu wa Kibira. Mwaka 1989 ikaja Ruzizi II, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo, yenye karibu megawati 44 ambazo nchi tatu zinagawana. Miaka minne baadaye vita vikaanza, na kwa takribani miongo mitatu nchi haikupata mtambo mwingine wa maji wa ukubwa huo. Mji haukusubiri. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu watu wapatao 235,000 Bujumbura, na ile ya 2008 ikakuta karibu 500,000. Tangu hapo nyumba zimepanda milimani na kushuka hadi Gatumba na Kajaga.

Sasa mitambo mipya inaingia. Mubuga, mkoani Gitega, ulianza kutoa megawati 7.5 za jua mwaka 2021. Maporomoko ya Rusumo yana megawati 80 za kugawana na Rwanda na Tanzania, na mradi wa Jiji na Mulembwe umepangwa kutoa karibu megawati 50. Ni habari za kufurahisha, na nazifurahia. Lakini anayedhani kwamba megawati mpya zitamaliza giza la mtaani kwake ajue kuwa umeme hukatika kwa njia zaidi ya moja. Kuna mgao, pale uzalishaji unaposhindwa kutosha. Kuna transfoma ya mtaa iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake, na waya unaodondoshwa na upepo wa mvua. Kuna pia umeme ambao haujakatika lakini umelegea: volti zinashuka hadi taa inageuka rangi ya chai na friji inanguruma bila kupoza. Mtambo mpya mlimani hautibu transfoma ya avenyu yako.

Kwa nyumba iliyounganishwa na gridi, hii ndiyo sababu ya betri kutangulia. Inachohitaji zaidi ni ghala, kwa kuwa kuna vyanzo viwili vya kulijaza: umeme wa REGIDESO unapokuwepo, hata uje saa nane usiku wakati watu wamelala, na jua la mchana. Ukiwa na betri njema na inveta yenye chaja ndani yake, tayari una kinga hata kabla ya kununua paneli. Ukiwa na paneli bila betri, saa moja jioni huna kitu.

Hesabu huanza na kalamu, nyumbani, kabla ya kwenda dukani. Chukua nyumba ya vyumba vitatu pale Ngagara. Taa sita za LED za wati 9 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne, 240. Kifaa cha intaneti cha wati 10 kisichozimwa, 240. Feni ya wati 50 kwa saa nane, na joto la Bujumbura tunalijua, 400. Simu za watu wa nyumbani, 60. Jumla ni 1,210, yaani uniti moja na kidogo kwa siku. Watu hushangaa wakiiona. Walidhani maisha yao ya jioni yanahitaji mtambo mkubwa, kumbe kinachowafanya wajisikie wako gizani ni uniti moja tu.

Ongeza friji ya wastani, wati-saa 1,100, na hesabu inakaribia kuongezeka maradufu. Ongeza pampu ya maji ya wati 750 kwa nusu saa, 375. Sasa tumefika 2,685. Halafu kuna mlaji mmoja ambaye wauzaji hawamtaji: inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 5 hula wati 40 hadi 60 hata kama hakuna kilichowashwa. Kwa saa 24 hiyo ni uniti moja au zaidi, sawa na taa, televisheni, intaneti, feni na simu zote tulizozihesabu. Nimeona nyumba ambazo inveta kubwa imefungwa ili kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba, na kila asubuhi betri inaamka tupu bila mtu kujua mwizi ni nani. Kwa nyumba hii kilowati 3 zinatosha, na ulaji wake wa bure ni mdogo zaidi.

Pasi na birika la umeme ni mambo mengine. Birika la wati 2,000 linachemsha kwa dakika tano, na uniti linazokula si nyingi. Tatizo lake ni pupa. Kwenye betri ya volti 12 linadai ampea zaidi ya 160 kwa mkupuo, kiasi ambacho waya mwembamba hauwezi kubeba bila kupata moto. Hii ndiyo sababu mifumo inayozidi taa na televisheni hujengwa kwa volti 24 au 48: kazi ileile inafanywa na ampea chache, waya unapoa, na umeme mdogo unapotea njiani. Chai na ichemshwe kwa makaa au gesi kama kawaida, na nguo zipigwe pasi adhuhuri jua likiwa utosini.

Sasa betri yenyewe. Ile ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo inayobebwa na magari yetu yote. Kwa kuwa magari yako kila mahali, betri ya gari ndiyo ya kwanza kuingia nyumbani, mara nyingi ikiwa kuukuu, imenunuliwa kwa fundi wa Buyenzi ambako gereji zimejaa. Naelewa kwa nini watu huinunua, lakini siipendekezi kamwe. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiitumia kuwasha televisheni jioni nzima mpaka iishe, sahani zake nyembamba zinaharibika, na baada ya miezi michache inabaki kuwa mzigo.

Ile ya jeli au ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola ni bora, lakini ina sharti: usitumie zaidi ya nusu yake. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 imeandikwa uwezo wa wati-saa 2,400, nawe upange kwa 1,200. Ikizidishwa kila usiku, haimalizi miaka miwili. Joto nalo linaila. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu, na chumba kilichoezekwa bati bila dari hapa Bujumbura huvuka nyuzi 30 mchana bila shida yoyote.

Ndiyo maana nasimama upande wa lithiamu, tena ile ya chuma na fosfeti, iliyotokana na kazi ya kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990. Ni ghali zaidi siku ya kununua. Lakini inakubali kutumika asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake, na watengenezaji huahidi mizunguko 4,000 hadi 6,000 ya kujaa na kuisha, wakati ile ya risasi ikitumiwa kwa nusu huchoka baada ya mizunguko mia kadhaa. Aina hii ya lithiamu pia haiwaki moto kirahisi kama ile ya simu na baiskeli za umeme. Ukigawanya bei kwa idadi ya usiku itakazokuhudumia, iliyoonekana ghali inakuwa ndiyo rahisi. Kwa mtu ambaye faranga yake inapungua nguvu mkononi mwake, na ambaye kila kifaa kinachoingia nchini kimelipiwa kwa dola inayopatikana kwa shida, kununua mara moja kitu cha miaka kumi ni busara kuliko kununua mara tano kitu cha miaka miwili.

Basi nyumba yetu ya Ngagara inunue ipi? Ikiacha friji nje, betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, yenye karibu wati-saa 1,280, itavusha usiku, mradi feni izimwe usiku wa manane hewa inapoanza kupoa. Ikitaka friji, inahitaji ya volti 24 na ampea-saa 100, wati-saa 2,560, na hata hiyo itafika alfajiri ikihema. Anayetaka kulala usiku mbili za giza bila wasiwasi atafute ile ya volti 48, yenye karibu uniti tano. Chini ya hizo zote kuna hatua ya mwanzo ambayo naiheshimu sana: betri ndogo ya taa na simu tu. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa anahitaji taa moja ya wati 9.

Sokoni kuna hila. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo ukiinyanyua kwa mkono mmoja na kutembea nayo, haina risasi inayotakiwa. Ya lithiamu ya ukubwa huo ina kilo 10 hadi 12, na wepesi wake ni wa halali, ndiyo maana kwa hiyo mizani haitoshi. Omba ijaribiwe: ijazwe, ifungiwe mzigo unaojulikana wa wati 100, na saa ihesabiwe. Ya wati-saa 1,280 inapaswa kufika saa kumi na moja hivi ikipitia inveta njema. Ikizima saa ya tano, ndani yake mna seli zilizokwisha kutumika mahali pengine. Muuzaji atasema hana muda. Mwambie utarudi kesho kuchukua majibu, na ukimwona anakasirika, umeshapata majibu.

Kosa linaloua betri nyingi nzuri huingia siku ya kufunga. Inveta hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri ya risasi. Fundi akiunganisha lithiamu bila kubadilisha mpangilio, chaja inaijaza kwa volti zisizoifaa, na baadhi ya chaja huamsha ile kazi ya kusawazisha kwa kupandisha volti, ambayo ni dawa kwa risasi na madhara kwa lithiamu. Mwombe fundi akuonyeshe ukurasa huo kwenye kioo cha inveta kabla hajaondoka. Muulize pia kuhusu volti za kuingilia. Inveta nyingi za Kichina zinazouzwa hapa zina mipangilio miwili: mmoja unakubali umeme wa gridi kuanzia volti 90, na mwingine hauupokei chini ya 170. Kwa mji wenye umeme unaolegea, wa pili ndio unaookoa friji. Volti zikishuka, nyumba inahamia kwenye betri bila mtu kugusa swichi.

Mpangilio wa tatu ni wa nani atangulie. Kuna nyumba zinazopanga jua litumike kwanza, kisha betri hadi iishe, ndipo REGIDESO, ili kupunguza fedha za Cash Power. Zinaokoa faranga chache, na siku umeme ukikatika saa mbili usiku zinakuta betri imeshatumika. Kwa Bujumbura napendelea kinyume chake: jua litumike mchana, gridi itumike ikiwepo, na angalau nusu ya betri ibaki akiba isiyoguswa mpaka giza lije.

Sasa ndipo zije paneli, na hapa asili imetupendelea. Bujumbura iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, katika bonde la Imbo, na mchana wa kawaida huipa paneli kiasi kinacholingana na saa tano za jua kamili. Paneli mbili za wati 450, baada ya kutoa hasara za joto, vumbi na waya, hutoa uniti tatu na zaidi kwa siku. Nyumba yetu yenye friji na pampu inatoshelezwa. Kwa kuwa jua linapita karibu na utosi, huna haja ya kuhangaika na upande wa kuelekeza paneli kama wanavyofanya Ulaya. Inamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na acha nafasi ya kiganja kizima kati yake na bati ili upepo upite, maana kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 huipunguzia paneli karibu sehemu nne katika kila elfu za nguvu yake. Kivuli cha mwembe wa jirani kikigusa kona ya paneli moja, huvuta chini mstari mzima.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika hesabu hii ni majira. Kuanzia Juni hadi Septemba mito hupungua na mabwawa hushuka, na mgao wa umeme hunusa mlango. Miezi hiyohiyo anga huwa wazi na jua halikosi. Kiangazi kinachokausha Rwegura ndicho kinachojaza betri. Machi na Aprili, mawingu yakilala juu ya mji siku tatu mfululizo, paneli inaweza kushuka hadi robo ya uwezo wake, lakini huo ndio wakati mitambo ya maji inapokuwa na nguvu zaidi, na betri itakunywa kutoka kwenye gridi. Nyumba yenye vyote viwili ina majira mawili yanayopokezana.

Kuna pia suala la maji, ambalo wenye nyumba hulisahau mpaka bomba likauke. Maji ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutolewa Ziwa Tanganyika, husafishwa na kusukumwa juu mjini na REGIDESO hiyohiyo, kwa umeme huohuo. Giza likirefuka, kiu hufuata. Tangi lililoinuliwa na pampu inayofanya kazi saa sita mchana, wakati betri imeshajaa na paneli zina nguvu ya ziada, ni akiba isiyohitaji betri hata kidogo. Vivyo hivyo sufuria ya umeme ya presha: chungu cha maharagwe huiva kwa chini ya uniti moja, na ikiwashwa mchana inatumia jua ambalo lingepotea. Gunia la makaa linavyopanda bei, naamini jambo hili litakuja kuwa kubwa kuliko taa.

Usalama usiachwe kuwa hiari ya fundi. Kwanza, umeme wa nyumba yako usirudi kamwe kwenye waya wa barabarani. Fundi wa REGIDESO anayepanda nguzo akijua njia imekatwa anaweza kuuawa na inveta au jenereta iliyounganishwa kienyeji kupitia soketi. Swichi ya kubadilishia, inayotenganisha kabisa pande mbili, ni gharama ndogo mno kulinganisha na uhai wa mtu. Pili, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa betri ya lithiamu ikigusanishwa waya wake hutoa ampea mamia bila kusita. Tatu, ethi na kinga ya radi. Tunaishi jirani na moja ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani: mwaka 2016 watafiti waliitaja Kabare, huko Kivu ya Kusini, kuwa ya kwanza barani Afrika. Fremu ya paneli juu ya bati isiyofungwa ethi ni mwaliko.

Na kwa wanaoishi Kibenga, Kajaga na Gatumba, betri isikae sakafuni. Ziwa lilipanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia majumbani. Ifungwe ukutani, juu ya alama ya maji ya miaka hiyo mibaya.

Mpangaji naye ana haki ya mwanga. Watu wengi wa Bwiza, Jabe na Nyakabiga hawamiliki paa walilo chini yake, na mwenye nyumba hupandisha kodi akiona paneli. Hapa tena betri inashinda. Betri na inveta vinabebwa siku ya kuhama, vinajazwa kwa gridi, na paneli moja inaweza kuwekwa kwenye fremu uani na kuingizwa ndani jioni. Wakazi wa ua mmoja wakiunganisha upatu wao wanaweza kununua mfumo mmoja wa taa na simu kwa milango yote, kila mlango na swichi yake. Ng'ambo ya mpaka, Goma, kampuni ya Nuru ilifanya hivyo kwa kiwango cha mtaa mzima mwaka 2020, kwa mtambo wa jua na betri wa megawati 1.3. Buyenzi, yenye avenyu zilizopangwa karibu karibu na mafundi kila kona, ingefaa sana kwa jambo kama hilo, na ningependa kuona manispaa ikilizungumzia kwa uzito.

Waliotutangulia katika njia hii ni Walebanoni. Mwaka 2021 mafuta yalikosekana, pauni yao ikaporomoka, na umeme wa serikali ukabaki saa chache tu kwa siku. Ndani ya miaka mitatu hivi, paa za Lebanoni zilifikia zaidi ya megawati 1,000 za jua, kutoka chini ya sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ilikuwa kazi ya raia, kwa fedha za akiba na za ndugu walio ughaibuni. Lakini haraka ile ilileta pia mafundi wasiojua kazi na betri zisizo na viwango, na walioweza kulipa walipona kabla ya wengine. Burundi inayo nafasi ya kufanya kwa utaratibu zaidi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina msamaha kwa vifaa vya sola. Uheshimiwe kikamilifu hadi kwenye betri zinazoshuka Dar es Salaam na kuja kwa barabara kupitia Kobero, au kwa meli kutoka Kigoma. Na shule za ufundi zitoe cheti cha kazi hii, ili mwenye nyumba ajue anamfungulia nani mlango.

Limebaki moja, na kwangu ni zito. Betri hufa. Za risasi zilizonunuliwa kwa pupa katika miaka hii ya uhaba zimeanza kufa, na mtu atazitaka kwa ajili ya risasi iliyo ndani. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha watu kwa risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wanakijiji mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaiondoa, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024. Risasi huingia kwenye damu ya mtoto na kumharibu akili bila yeye kulia. Kuvunja betri uani, kumwaga asidi mtaroni, mtaro unaoshuka hadi ziwani ambako tunavua ndagala na mukeke, ni jambo ambalo mtaa unapaswa kulikataza wenyewe bila kungoja sheria.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ataichukua betri itakapozeeka na kwa bei gani, kisha ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya betri na tarehe.